Kioo cha Gari na Mita ya Nyumba: Umeme Uliopungua Umekwenda Wapi?

Tuseme kwamba dereva wa gari la umeme amesafiri kilometa 200 na kurejea nyumbani. Kioo kilicho mbele yake kinamwarifu kwamba gari limetumia kilowati-saa 15 kwa kila kilometa 100, yaani kilowati-saa 30 kwa safari nzima. Usiku anachomeka waya wa kuchajia katika soketi ya nyumba aliyopanga. Asubuhi betri imerudi katika hali ile ile iliyokuwa nayo kabla ya safari, lakini mita ya LUKU inaonyesha kwamba yuniti 34.5 zimetumika. Kwa kuwa yuniti moja ni kilowati-saa moja, hesabu hizi mbili haziafikiani: yuniti 4.5 hazijulikani zilikokwenda. Mpangaji yuko tayari kulipa yuniti 30, kwa ushahidi wa kioo. Mwenye nyumba anadai yuniti 34.5, kwa ushahidi wa mita. Je, ni nani kati yao asemaye kweli?

Jibu ni kwamba wote wawili wanasema kweli, na ugomvi wao hauwezi kukatwa mpaka waulizane swali moja ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hana budi kulizoea: kipimo hiki kimechukuliwa mahali gani? Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kioo cha gari na mita ya nyumba hutoa tarakimu tofauti, tofauti hiyo hutoka wapi, na jinsi inavyoweza kupimwa.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Mjini Kigali pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019, na mjini Nairobi mabasi ya umeme yalianza kazi hiyo mwaka 2022. Mtu apigaye hesabu ya nauli au ya faida kwa kutumia tarakimu isiyofaa atapata hasara bila kujua ilikotoka.

Vipimo viwili, mahali pawili

Mita ya nyumba imefungwa pale umeme unapoingilia. Inahesabu nishati yote inayopita kwenda katika soketi, bila kujali kitakachotokea mbele ya hapo. Nishati hiyo huja kwa mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde.

Betri, kwa upande wake, hupokea mkondo mnyoofu tu, yaani mkondo uendao upande mmoja. Kwa hiyo ndani ya gari mna chaja ambayo kazi yake ni kuugeuza mkondo geu uwe mkondo mnyoofu wenye volti zinazoifaa betri. Baada ya chaja ndipo ilipo betri, na baada ya betri ndipo ilipo mota inayozungusha magurudumu.

Kioo cha gari husoma kwenye betri, wakati gari linapotembea. Huhesabu nishati inayotoka katika betri kwenda kwenye mota, taa, kiyoyozi na vifaa vingine, kisha hutoa nishati inayorudi pale dereva anapopunguza mwendo na mota ikafanya kazi ya jenereta. Kinachobaki hugawanywa kwa umbali uliosafiriwa. Kwa ufupi, mita huhesabu kinachoingia mlangoni, na kioo huhesabu kinachotoka ghalani. Mkulima aliyenunua magunia kumi ya mahindi sokoni, moja likamwagika njiani, atakuwa amelipia magunia kumi ingawa ghala lake litaonyesha tisa. Muuzaji hakumwibia, wala ghala halikusema uongo.

Nishati hupotelea wapi?

Sheria ya hifadhi ya nishati inatufundisha kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika sura tu. Kwa hiyo tunaposema nishati "imepotea" tunamaanisha kwamba imegeuka kuwa joto au imefanya kazi nyingine ambayo haikuongeza chaji ya betri. Sehemu kuu za upotevu ni nne.

Ya kwanza ni waya. Mwanasayansi Mwingereza James Prescott Joule alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba joto linalotokea katika waya kila sekunde ni sawa na ukinzani wa waya huo mara kipeo cha pili cha mkondo. Tukiandika P kwa nguvu, I kwa mkondo na R kwa ukinzani, tunapata P = I²R. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Ya pili ni chaja yenyewe. Hakuna kifaa kinachogeuza mkondo bila kupata joto. Ndiyo maana chaja za magari huwekewa feni au maji ya kuzipoza.

Ya tatu ni mitambo ya gari inayokuwa macho wakati wa kuchaji. Kompyuta zinazolinda betri, pampu za maji ya kupozea, na wakati mwingine kiyoyozi au kipasha joto cha betri, vyote hula umeme kwa muda wote ambao gari limechomekwa. Umeme huo hupita katika mita, lakini haumo katika hesabu ya safari inayoonyeshwa na kioo.

Ya nne ni betri yenyewe. Nayo ina ukinzani wa ndani, na kwa hiyo hupata joto inapochajiwa na inapotoa umeme. Ili kurudisha kilowati-saa moja iliyotoka, yapasa kuingiza zaidi kidogo ya kilowati-saa moja.

Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, ambacho hupima magari kwa niaba ya wanachama wake, kilichapisha mwaka 2020 matokeo yaliyoonyesha kwamba tofauti baina ya kioo na umeme uliochajiwa kweli ilikuwa takriban kati ya asilimia 10 na 25, kutegemea gari. Mpangaji wetu na yuniti zake 4.5 yumo ndani ya mipaka hiyo.

Je, kuchaji polepole huokoa umeme?

Wanafunzi wengi, wakishajifunza P = I²R, hukata shauri mara moja kwamba mkondo mdogo lazima upoteze nishati kidogo. Hebu tulijaribu wazo hili kwa hesabu. Tuache kando hasara ndogo ya ndani ya betri, na tuchukulie kwamba chaja na mitambo ya gari hula wati 280 wakati wote wa kuchaji, na kwamba ukinzani wa waya ni omu 0.2.

Kwanza, dereva anachaji polepole kwa mkondo wa ampia 10 na volti 230. Nguvu inayotoka katika mita ni 230 × 10 = wati 2,300. Joto la waya ni 10 × 10 × 0.2 = wati 20. Jumla ya upotevu ni wati 300, na kinachofika katika betri ni wati 2,000, au kilowati 2. Kurudisha kilowati-saa 30 kutachukua saa 15. Katika muda huo mita itahesabu 2.3 × 15 = kilowati-saa 34.5, na upotevu utakuwa kilowati-saa 4.5.

Pili, anachaji haraka zaidi, kwa ampia 32. Nguvu katika mita ni 230 × 32 = wati 7,360. Joto la waya limepanda kutoka wati 20 hadi 32 × 32 × 0.2 = takriban wati 205, yaani zaidi ya mara kumi. Jumla ya upotevu ni wati 485, na kinachofika katika betri ni wati 6,875. Lakini sasa kazi inakwisha kwa saa 4.36 tu. Upotevu wote ni 0.485 × 4.36 = kilowati-saa 2.1, na mita itahesabu takriban kilowati-saa 32.1.

Matokeo haya huwashangaza wengi. Nguvu inayopotea kila sekunde imeongezeka, lakini nishati iliyopotea imepungua zaidi ya nusu, kwa sababu muda umepungua sana. Hapa ndipo umuhimu wa kutofautisha nguvu na nishati unapoonekana: nguvu hupimwa kwa wati, nishati ni nguvu mara muda, na mita ya LUKU hutoza nishati. Ni kama kumwajiri mlinzi kwa malipo ya saa. Kadiri kazi inavyochukua muda mrefu ndivyo ujira wake unavyokua, hata kama yeye mwenyewe habebi mzigo wowote.

Hesabu yetu imerahisishwa, kwani katika gari halisi sehemu ya upotevu wa chaja hukua pamoja na mkondo. Hata hivyo mwelekeo wake umethibitishwa kwa vipimo. Mwaka 2022 ADAC ililinganisha magari kadhaa yaliyochajiwa katika soketi ya kawaida ya nyumbani na yale yale yaliyochajiwa katika kituo maalumu cha ukutani chenye nguvu kubwa zaidi. Katika soketi ya kawaida upotevu ulikuwa takriban kati ya asilimia 13 na 24. Katika kituo cha ukutani ulikuwa takriban kati ya asilimia 6 na 10.

Msomaji asielewe kutokana na haya kwamba yafaa kulazimisha mkondo mkubwa katika soketi ya kawaida. Soketi ya ampia 13 haikuundwa kubeba ampia 32, na kanuni ile ile ya Joule ndiyo inayounguza nyumba. Mkondo mkubwa wahitaji waya mnene wa peke yake, fyuzi au swichi inayostahili, na fundi aliyesomea kazi hiyo.

Kioo chenyewe husoma kwa usahihi gani?

Mpaka hapa tumekichukulia kioo kuwa sahihi kabisa. Kwa kweli hakuna chombo cha kupimia kisichokuwa na kosa. Mita nyingi za nyumbani huruhusiwa kukosea kwa asilimia 1 au 2. Gari, nalo, hupima mkondo wa betri kwa njia mojawapo ya mbili. Njia ya kwanza ni kupima volti ndogo zinazotokea katika kipande cha metali chenye ukinzani unaojulikana. Ya pili ni kupima usumaku unaouzunguka waya, kwa kutumia tukio lililogunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Kompyuta huzidisha mkondo kwa volti mara nyingi kila sekunde, na kuyajumlisha majibu yote.

Katika kujumlisha huko, kosa dogo lisilobadilika hukua pamoja na muda. Ikiwa betri ina volti 400 na kipimio kinakosea kwa nusu ampia tu, kosa hilo ni wati 200. Baada ya safari ya saa 4 litakuwa kilowati-saa 0.8. Katika safari yetu ya kilowati-saa 30 hilo ni karibu asilimia 3, na laweza kuwa la kuzidisha au la kupunguza.

Kuna pia suala la kipi kinahesabiwa. Vioo vingi vya safari husimama kuhesabu gari linapozimwa. Umeme unaoliwa na gari lililoegeshwa juani huku kompyuta zake zikiwa macho, au ule uliopoza chumba cha gari kabla ya safari, waweza usionekane kabisa katika wastani wa safari, ingawa utalipiwa siku ya kuchaji.

Asilimia ya nini?

Turudi kwa mpangaji wetu. Tofauti ni kilowati-saa 4.5. Yeye anaweza kusema upotevu ni 4.5 ÷ 30, yaani asilimia 15. Mwenye nyumba anaweza kusema ni 4.5 ÷ 34.5, yaani asilimia 13. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza inaeleza ni kiasi gani cha kuongeza juu ya tarakimu ya kioo ili kupata bili. Ya pili inaeleza ni sehemu gani ya bili isiyofika barabarani. Mwalimu asiache mwanafunzi aandike "asilimia 15" pasipo kutaja ni asilimia ya kitu gani.

Kosa lingine la kulinganisha hutokea kwa tarakimu rasmi za magari. Marekani, shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, hutaka umeme wa kulijaza tena gari baada ya jaribio upimwe ukutani. Ulaya, utaratibu wa majaribio uitwao WLTP, ulioanza kutumika mwaka 2017, nao huhesabu umeme uliotoka ukutani. Basi tarakimu rasmi ina upotevu wa kuchaji ndani yake, lakini tarakimu ya kioo haina. Dereva aonaye kwamba kioo chake kinaonyesha matumizi madogo kuliko yale rasmi hujisifu kwamba anaendesha kwa uangalifu kuliko wataalamu. Huenda ni kweli, lakini huenda pia amelinganisha ghala na mlango.

Jaribio la maabara

Shule isiyokuwa na gari la umeme inaweza kulichunguza jambo hili kwa betri ya kawaida ya gari, yenye volti 12 na uwezo wa ampia-saa 40 au zaidi. Vifaa vingine ni taa ya volti 12 na wati 24, chaja, ampimita, voltimita, saa, na haidromita ya kupimia densiti ya asidi.

Hakikisha kwanza kwamba betri imejaa, na uandike densiti ya asidi. Washa taa kwa saa 5, ukisoma mkondo na volti kila baada ya nusu saa. Kisha chaji betri mpaka densiti irudi pale ilipoanzia, ukisoma tena mkondo na volti. Jaribio hili lifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto na cheche, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni. Macho yalindwe dhidi ya asidi.

Tuseme, kwa mfano, taa ilivuta ampia 2 kwa saa 5 kwa wastani wa volti 12.2. Chaji iliyotoka ni ampia-saa 10, na nishati ni wati-saa 122. Tuseme kuchaji kulihitaji ampia 2 kwa saa 5.5 kwa wastani wa volti 13.8. Chaji iliyoingia ni ampia-saa 11, na nishati ni takriban wati-saa 152. Sehemu ya chaji iliyorudi ni 10 ÷ 11, au asilimia 91. Sehemu ya nishati iliyorudi ni 122 ÷ 152, au asilimia 80 tu.

Wanafunzi waulizwe sababu ya tofauti hiyo. Jibu limo katika volti: umeme uliingia kwa volti 13.8 ukatoka kwa volti 12.2. Hata kama kila ampia-saa ingerudi, nishati isingerudi yote. Betri za lithiamu za magari ya umeme hupoteza kidogo sana kuliko hii, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Ikiwa mita ndogo ya wati inapatikana, ichomekwe kati ya soketi na chaja. Hapo darasa litakuwa na mahali patatu pa kupimia, na kila mahali patatoa tarakimu yake.

Jinsi ya kupima gari au pikipiki

Mwenye chombo cha umeme atakaye kujua matumizi yake halisi na afuate utaratibu huu. Afunge mita ndogo kwenye njia ya kuchajia peke yake. Aanze betri ikiwa imejaa na amalize betri ikiwa imejaa. Aandike kilometa, yuniti za mita na tarakimu ya kioo kila mara. Tena asitosheke na mara moja. Asilimia ya chaji ionyeshwayo na gari ni makadirio. Kwa betri ya kilowati-saa 60, kosa la asilimia 1 tu ni kilowati-saa 0.6. Katika kuchaji mara moja kwa kilowati-saa 10, kosa hilo ni asilimia 6 ya jibu. Akijumlisha mwezi mzima wenye kilowati-saa 300, kosa la mwanzo na mwisho halizidi asilimia 0.4.

Baada ya kufanya hivyo mpangaji na mwenye nyumba hawatagombana tena. Atakaye kujua kama betri itamfikisha aendako atumie kioo, kwa kuwa njiani kinachomhusu ni kilichomo ghalani. Atakaye kujua safari imegharimu shilingi ngapi atumie mita. Mpangaji wetu basi anadaiwa yuniti 34.5, na mwenye nyumba hana sababu ya kukiita kioo kiongo.

Maswali

1. Kioo kinaonyesha kilowati-saa 12 kwa kilometa 100 katika safari ya kilometa 250. Mita inaonyesha kilowati-saa 35. Tafuta tofauti, na uieleze kama asilimia ya tarakimu ya kioo na kama asilimia ya tarakimu ya mita.

2. Waya wa kuchajia una ukinzani wa omu 0.3. Tafuta joto linalotokea kila sekunde kwa mkondo wa ampia 8 na kwa mkondo wa ampia 24. Kwa nini jibu la pili ni mara 9 ya la kwanza?

3. Kioo cha gari A kinaonyesha kilowati-saa 14 kwa kilometa 100, na asilimia 20 ya umeme wa mita hupotea katika kuchaji. Kioo cha gari B kinaonyesha kilowati-saa 15.5, na asilimia 8 ya umeme wa mita hupotea. Gari lipi lina gharama ndogo zaidi ya umeme?

Majibu: (1) Kilowati-saa 5, asilimia 16.7, asilimia 14.3. (2) Wati 19.2 na wati 172.8, mkondo umeongezeka mara 3, na kipeo cha pili cha 3 ni 9. (3) Gari A huhitaji kilowati-saa 17.5 kutoka ukutani na gari B takriban 16.8. Gari B ndilo lenye gharama ndogo, ingawa kioo chake kinaonyesha tarakimu kubwa zaidi.